Mbeta za Rabson

Mjukuu wangu Eveline ni Mhadhiri Msaidizi katika Shule Kuu ya Sayansi za Viumbe Hai ya chuo kikuu kimoja jijini Mbeya. Nimelitamka jambo hili mara nyingi, kanisani, sokoni Nyololo na hata kwenye misiba, mpaka mke wangu Bertha akaniomba nipunguze. "Mzee," aliniambia siku moja tulipokuwa tukitoka ibadani, "yule mama alikuuliza bei ya mahindi tu."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka thelathini na saba katika shule za msingi za Mufindi, na katika miaka hiyo yote kila Jumatatu asubuhi nilikagua kucha, meno na kola za wanafunzi mstarini kabla hawajaingia darasani. Pombe sijapata kuionja. Hata hivyo, nyuma ya nyumba yangu yapo mashina kumi na mawili ya mianzi ya ulanzi aliyoyapanda marehemu baba yangu, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuyang'oa, nilimruhusu jirani yangu Rabson, niliyemfundisha tangu darasa la kwanza hadi la saba, awe anayagema. Mianzi ni yangu, ulanzi ni wake. Ndivyo nilivyomweleza mchungaji, naye hakuuliza zaidi.

Kwa asiyejua, mvua zinapokolea mgema huikata ncha ya mwanzi mchanga na kufunga chini yake mbeta, yaani kipande cha mwanzi mnene kilichokatwa mfano wa kikombe kirefu. Utomvu hudondokea humo, nao ndio ulanzi. Ukinywewa mapema ni mtamu na haumdhuru mtoto. Ukiachwa siku mbili tatu huwa kileo. Hakuna anayetia hamira wala kimea. Eveline, ambaye alikulia mikononi mwetu, aliniuliza swali hilo akiwa na miaka tisa: ni nani anayeuchachusha? Nilimjibu kwamba ni asili yake. Miaka ishirini baadaye akalifanya swali lile lile kuwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu.

Alichagua mianzi yetu. Aliandika nambari kwa rangi nyeupe kwenye mbeta za Rabson, moja hadi kumi na mbili, akaja masika ya kwanza na sanduku la barafu na vichupa vingi. Kwa siku tatu alichota utomvu kutoka kila mbeta asubuhi na jioni, akaupeleka Mbeya. Baada ya mwezi alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. "Babu, zimejaa chachu! Saa sita tu tangu kufungwa, kila mbeta imejaa. Na kila moja ina ukoo wake, hazichanganyiki." Nami nikawaeleza watu sokoni.

Masika ya pili alitupa taarifa kwamba atakuja na msimamizi wake, Dakta Hanifa, mwanamama wa Mwanjelwa ambaye wazee wake walitoka pwani zamani kwa biashara. Taarifa hiyo ilinikosesha utulivu. Nilipaka chokaa ukuta wa mbele. Nilifagia mpaka chini ya mianzi.

Siku moja kabla ya wageni kufika, Rabson alipata habari ya msiba wa shemeji yake huko Ipogolo. Alizishusha mbeta zote, zisije zikafurika akiwa hayupo, akazipanga kwenye kibaraza changu cha nyuma.

"Kamwene, Mwalimu. Naziacha hapa, kesho asubuhi nimerudi kuzifunga. Ziache hivyo hivyo."

"Zinanuka, Rabson."

"Ndiyo kazi yake, Mwalimu," alisema akicheka, akaondoka na mwavuli wake.

Alipokwisha kwenda nilizikagua. Ndani zilikuwa nyeusi, zenye utando mzito unaoteleza, na visubi vilizizunguka kama moshi. Nikawaza jinsi daktari wa chuo kikuu atakavyochungulia humo, halafu atazame nyumba yangu, halafu amtazame mjukuu wangu. Niliwasha moto. Nilichemsha maji debe zima. Nilichukua sabuni ya mche, mchanga laini wa mtoni na ile brashi ndefu ambayo Bertha hutumia kuoshea chupa za chai, nikaketi kwenye kigoda tangu saa tano hadi alasiri.

"Zimekukosea nini?" Bertha aliuliza akipita na kuni.

"Wageni wanakuja."

"Wanakuja kunywea humo?"

Nilizisugua zote kumi na mbili, nikazimwagia maji yanayotokota mara mbili, nikazianika juu ya bati kwa kufuata nambari zake. Zilikauka zikawa za rangi ya ngano. Nilizitazama kwa raha niliyokuwa nikiipata Jumatatu mstari ulipotakata.

Asubuhi yake Rabson alirudi na nguo za msibani. Alichukua nambari moja akainusa. Akaichukua nambari mbili. Alipofika ya tano aliacha.

"Mwalimu, umeziua."

"Nimeziosha."

"Mbeta haioshwi, Mwalimu. Inasuuzwa kwa ulanzi wake yenyewe, basi. Nambari tatu na nambari saba nilirithi kwa mzee wangu. Hizi sasa zitakaa siku kadhaa ulanzi hauumi, utakuwa maji ya sukari tu." Akatazama barabarani. "Eveline anajua?"

Nilimjibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. "Wageni wanafika saa nne. Utazifunga mahali pake, nawe hutasema neno la kuniaibisha mbele ya msomi. Umenielewa?"

Rabson ana miaka hamsini na mitatu, na wajukuu wanne. Alinyoosha mikono ubavuni kama alivyokuwa akifanya mbele ya ubao. "Nimekuelewa, Mwalimu."

Wageni walifika. Dakta Hanifa alishuka garini, akaniamkia kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwenye mianzi. Alichungulia mbeta ya kwanza, akageuka. "Mashallah, Mzee wangu, usafi wa namna hii! Mimi nilijiandaa kupigana na nzi." Nilisimama wima zaidi. Eveline alikuwa nyuma yake na macho mekundu, kwa kuwa alikuwa amesahihisha mitihani siku nne mfululizo ili apate ruhusa ya siku tatu. Aliigusa nambari moja kwa kidole.

"Baba mdogo," alimwuliza Rabson, "hizi ni zile zile za mwaka jana?"

Rabson alinitazama mimi kabla ya kumtazama yeye. "Ni zile zile, mwanangu."

Eveline akaandika katika daftari lake. Nami nikanyamaza. Siku ile sikujua kwamba nimeharibu utafiti, maana sikuuelewa kiasi hicho. Lakini nilijua kwamba nimeficha kitu, na kitu hicho nilikiita heshima.

Miezi tisa ilipita. Mwezi Novemba Eveline alinialika Mbeya. Alikuwa na siku ya kuwasilisha matokeo yake mbele ya jopo, na kwa desturi ya Shule Kuu yao ndugu mmoja huruhusiwa kuketi nyuma. Nilivaa suti yangu ya kijivu, nikapanda basi la asubuhi pale Nyololo, na kabla ya saa sita nilikuwa langoni mwa chuo.

Nilitegemea kumkuta katika ofisi yenye jina lake mlangoni. Jina lilikuwapo, pamoja na mengine matatu. Meza yake ilikuwa imefunikwa na karatasi za majibu za wanafunzi mia nne na kumi na wawili wa mwaka wa kwanza, na kiti cha mgeni kilikuwa na karatasi nyingine. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Babu. Nina kipindi sasa hivi. Utakaa nyuma?"

Maabara ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi ishirini. Nilihesabu sitini na wanne. Hadubini zilikuwa sita, na kati ya hizo mbili hazikuwa na taa, kwa hiyo walizisogeza dirishani. Walikuwa wakitazama ngozi ya kitunguu kwa zamu, dakika mbili kila mmoja.

"Madam, sisi huku tunaona giza tu!"

"Dastan, ondoa kwanza kifuniko."

Walicheka. Msichana mmoja wa mbele akapiga kelele. "Madam, nimekiona! Kinatembea!"

"Kitunguu hakitembei, mama. Hicho ni kiputo cha hewa. Weka upya."

"Mimi nilishaanza kukichora, Madam."

"Basi andika chini yake: hewa."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilikaa pale saa mbili nzima, na nilipojaribu kukumbuka kama niliwahi kufundisha bila kupandisha sauti, sikukumbuka. Wanafunzi walipotoka aliniambia kwamba kipindi hicho hicho hukirudia mara saba kwa wiki, ili wote wapate zamu. Fundisanifu wa maabara alihamishwa mwezi Julai na mwingine hajaletwa, hivyo vyombo huviosha mwenyewe.

Ilikuwa kama saa nane na nusu mchana. Alivaa glovu akasimama kwenye sinki, nami nikaomba kitambaa nikakausha. Alisuuza kila mrija mara tatu, na alipoona nimeshangaa akasema, "Ikibaki sabuni kidogo tu humu, Babu, ninachokiotesha hakioti. Kinakufa kabla sijakiona."

Nikaweka mrija chini, nikachukua mwingine.

"Kesho utawaambia nini?" nilimwuliza.

Alifurahi kuulizwa. Alikausha mkono mmoja akafungua kompyuta yake juu ya meza, akanionyesha mistari miwili ya grafu. Wa masika ya kwanza ulikuwa juu, wa masika ya pili ulilala chini karibu na ukingo.

"Huu wa chini ndio uliokula mwaka wangu. Zile chachu hazikuwapo, Babu. Mianzi kumi na miwili, siku tatu, karibu hakuna kitu. Nilidhani nimekosea, nikarudia kuotesha mara tatu. Halafu nikachukua kumbukumbu za mvua za Mufindi. Masika yale yalikuwa ya baridi kupita kawaida na mvua ilizidi. Nimeandika kurasa arobaini kuonyesha kwamba mvua na baridi ndivyo vilivyoziondoa. Dakta Hanifa anasema hoja imesimama. Jopo likiipitisha kesho, nawasilisha tasnifu mwezi Juni, na ile nafasi ya Mhadhiri ya Julai ni yangu. Nikichelewa anaichukua Edmund wa utafiti wa samaki. Yeye tayari amemaliza." Akarudi kwenye sinki. "Na nikiipata, Babu, nitapunguziwa vipindi. Nitalala."

"Una hakika kwamba ni mvua?"

"Nini kingine? Mianzi ni ile ile. Mbeta ni zile zile, nilimwuliza Baba mdogo Rabson mbele yako."

Basi la kurudi lilikuwa linaondoka kesho yake mchana. Rabson angenyamaza mpaka kaburini, kwa kuwa nilimwamuru. Nilikausha mirija mingine saba. Niliikausha vizuri, ndani na nje, nikaipanga kwenye kishikio chake, na nilipofika wa nane mkono wangu ukakataa.

"Eveline. Mbeta zile niliziosha."

Hakusikia vizuri kwa sababu ya maji. "Ulizifanya nini?"

"Niliziosha. Siku moja kabla hamjaja. Rabson alikuwa msibani Ipogolo."

Alifunga bomba. Alibaki ameshika koki.

"Kwa maji ya moto?"

"Yaliyochemka. Mara mbili."

"Na sabuni?"

"Ya mche. Na mchanga. Na brashi ya chupa za chai."

Akavuta kigoda akaketi. "Zote kumi na mbili."

"Zote."

"Hata moja hukuisahau, Babu?"

"Sikuwa mtu wa kusahau."

Alicheka, lakini kicheko kile nisingependa kukisikia tena. Kisha alivua glovu kidole kimoja kimoja, akazilaza mapajani. Nje wanafunzi walikuwa wakitaniana juu ya nani ameazima kalamu ya nani.

"Niliona," alisema. "Unajua kwamba niliona? Nilizigusa, kavu, safi, nikasema moyoni, Baba mdogo amejitahidi kwa ajili ya mgeni. Swali la pili lilikuwa hapa mdomoni. Nilikuwa nimechoka mno. Nikasema nitauliza jioni, na jioni nikalala na viatu." Akatazama ile kompyuta. "Kurasa arobaini."

"Kosa ni langu. Rabson alitaka kusema, nikamkataza."

"Nani mwingine anajua?"

"Bibi yako alinikuta nikiosha, lakini hajui maana yake."

"Basi ni sisi watatu."

Nilijisikia nikisema maneno ambayo sikudhani yangewahi kutoka kinywani mwangu. "Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Aliinua uso akanitazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Babu, nikiwa darasa la tatu ulinichapa viboko viwili mbele ya wenzangu kwa sababu nilinakili ramani ya Frida."

"Vitatu."

"Viwili. Cha tatu Bibi alikuja akakunyang'anya fimbo." Alisimama, akavaa tena glovu. "Kesho njoo na suti hiyo hiyo. Utaulizwa maswali. Sasa nipe huo mrija, bado una maji ndani."

Jioni alimpigia simu Dakta Hanifa. Nilikuwa nimeketi naye mezani. Alieleza kwa sentensi sita au saba, kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akasema "Ndiyo, Mwalimu" mara tatu, akakata. Nilimwuliza alichosema. "Amesema niseme yote kama yalivyo, nisimpambe mtu," alinijibu.

Jopo lilikuwa la watu watano, na mwenyekiti wake Profesa Liberatus, mzee mwenzangu kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Saa tatu asubuhi Eveline alisimama mbele yao. Matokeo ya masika ya kwanza aliyaeleza vizuri hata mimi nikayafuata. Alipofika kwenye ule mstari wa chini alisema, "Takwimu za masika ya pili haziwezi kutumika. Vyombo vilioshwa kwa sabuni na maji yaliyochemka siku moja kabla ya kuchota sampuli. Nimelijua hilo jana. Aliyeviosha yupo nyuma pale, ni babu yangu."

Vichwa vitano viligeuka. Nilisimama. Sikukusudia, lakini mikono yangu ilinyooka ubavuni.

Profesa Liberatus aliniuliza maji yalikuwa kiasi gani, yalichemka kwa muda gani, vyombo vilikauka juani kwa saa ngapi, na kama nilivishika kwa mikono mitupu. Nilijibu yote. Aliandika yote. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile ile, Mzee?"

"Nilimwonea aibu mgeni, Profesa. Baadaye nikajionea aibu mwenyewe. Kisha miezi ikapita."

"Mgeni huyo nilikuwa mimi," alisema Dakta Hanifa kutoka upande wa pili wa meza. "Nilivichungulia vyombo hivyo, nikavisifu. Mtafiti mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa. Hilo nalo liandikwe."

Mjumbe mmoja kijana alitaka kutuokoa. Alisema kwamba huenda kosa lile limethibitisha kitu: kwamba chachu hukaa kwenye utando wa ndani ya mbeta, na si hewani wala kwenye mwanzi. Nilimwona Eveline akiinua kichwa. Profesa alivua miwani.

"Halijathibitisha chochote. Kumi na mbili zimeoshwa kwa mpigo mmoja, na mvua nayo ilikuwa nyingi kweli. Utajuaje kilichoziua ni kipi? Hakuna hata moja iliyoachwa chafu tukailinganisha. Ni swali zuri, kijana wangu, lakini ni swali tu." Akamgeukia Eveline, na sauti yake ikapungua ukali. "Rudia masika. Sita zioshwe, sita ziachwe, kwa kura. Kurasa za mvua ziweke kando. Tutaonana Novemba mwakani."

Novemba maana yake ni kwamba Juni imekwenda, na Julai imekwenda nayo. Shughuli nzima ilichukua dakika arobaini.

Nilimkuta Eveline ameegemea ukuta wa korido. Kijana mmoja mwenye ndoo ya maji ya samaki alisimama akampa pole kwa unyenyekevu, akaenda zake. Nikaelewa kwamba huyo ndiye Edmund.

"Umechoka," nilimwambia, kwa kuwa sikuwa na jingine.

"Nimechoka, Babu. Na nina kipindi saa tano." Alifunga vifungo vya koti lake jeupe, akakosea kimoja, akaanza upya. "Kitunguu kile kile."

Nilirudi Nyololo. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Rabson, nikamkuta anakaanga mahindi pamoja na wajukuu wake. Alitaka kuwaondoa watoto, nikamwambia wabaki. Nikamweleza mbele yao kwamba nilimwamuru afiche jambo ambalo lilipaswa kusemwa, na kwamba Eveline amepoteza mwaka kwa ajili hiyo, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Sikuwa nimemwomba mwanafunzi radhi tangu nianze kazi. Ni jambo gumu kwa magoti.

Rabson aligeuza mahindi kwenye chungu. "Mimi ningemwambia, Mwalimu. Nilimfuata mpaka garini. Halafu nikakuona umesimama pale mlangoni." Akanipa mahindi mkononi, ya moto. "Amekasirika?"

"Hapana."

"Aa. Basi ni mbaya."

Mwezi Februari mvua zilikolea, na Eveline akaja peke yake na sanduku lake la barafu. Mbeta zilikuwa zimerudia hali yake: nyeusi, zinateleza, visubi juu yake. Alikata vikaratasi kumi na viwili akaviweka kwenye kofia yangu, akamwomba Bertha achomoe sita. Bertha alifumba macho ingawa hakuna aliyemtaka afumbe. Zikatoka moja, tatu, nne, saba, tisa na kumi na moja.

Rabson alipozisikia nambari alisugua kidevu. "Tatu na saba ni za mzee wangu."

"Naweza kurudia kura, Baba mdogo," Eveline alisema haraka. "Hata hatujaanza."

"Ukirudia mpaka nifurahi, hiyo si kura tena, mwanangu. Si ndivyo? Zioshwe." Akaniletea yeye mwenyewe ile nambari tatu, akaiweka kati ya magoti yangu. "Mwalimu ana mkono wa kuosha. Mimi shahidi."

Eveline alinipa karatasi aliyoiandika: sabuni kiasi gani, maji yachemke dakika ngapi, mara mbili, juani saa ngapi. Ilikuwa ni yale niliyoyajibu mbele ya jopo, neno kwa neno. Niliifuata. Nilisugua ya kwanza hadi ya sita, na kila moja ilipotoka na rangi yake ya ngano sikuona ile raha ya zamani, niliona mgongo unaniuma. Nilipoinua macho, mjukuu wangu alikuwa amelala kwenye kiti cha kibarazani, kichwa ukutani, daftari kifuani, buti miguuni. Sampuli ya kwanza ilikuwa bado. Tulimwacha.

Zilibaki zile sita za kuachwa, upande wangu wa kushoto. Ya karibu ilikuwa nambari mbili. Utando wake ulikuwa umevimba mdomoni, na kisubi kilikuwa kikitembea juu yake pole pole kama mwenye nyumba. Maji yalikuwa bado ya moto. Sijui ni wakati gani niliiinamia. Nilichojua ni kwamba ile brashi ilikuwa mkononi mwangu, na mkono ulikuwa umeshaanza safari.

"Mwalimu," alisema Rabson kwa sauti ya chini, ili asimwamshe Eveline. "Nipe hiyo brashi."

Nikampa.